Kuwinda kulungu Marekani: bunduki, upinde, gobore au kunyata kwa miguu, ipi ndiyo kazi ngumu?

Mzee wa Majani Makavu (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi kazini nusura watu washikane mashati kwa sababu ya krosibou, ule upinde wenye kitako na kifyatulio kama bunduki. Huku Pennsylvania wiki ya Thanksgiving, sikukuu ya shukrani ya Alhamisi ya nne ya Novemba, watu miili iko kazini, roho ziko msituni. Jumamosi inayofuata ndipo bunduki zinaruhusiwa kwa kulungu (mpaka 2018 ilikuwa Jumatatu, na wazee hawajasamehe mpaka leo). Sasa kuna mzee mmoja anawinda kwa upinde wa mti mtupu, hauna kapi wala alama ya kulengea. Akamwambia kijana wetu mmoja kwamba dume aliyempata kwa krosibou halihesabiki. Kijana akajibu kwamba mzee mwenyewe misimu mitatu hajaleta hata mkia. Wakanigeukia mimi niamue, nikaendelea kula wali wangu kimya. Jibu langu nalileta huku, ambako hakuna atakayenitoboa tairi.

Kwanza jina. Nitasema "kulungu" kwa sababu ndivyo tulivyozoea kumwita, ila najua kulungu wa nyumbani, yule mwenye madoa na mistari, ni ndugu wa tandala na pofu. Huyu wa huku pembe zake zina matawi, zinadondoka kila mwaka na kuota upya. Afrika kusini mwa Sahara hatuna wa asili hata mmoja. Wasomaji wa Biblia wanamjua ndugu yake kwa jina la ayala, yule wa Zaburi ya 42 mwenye shauku ya mito ya maji. Wa huku mkia wake chini ni mweupe kama leso, na akikimbia anausimamisha. Ukiiona hiyo leso, biashara imekwisha.

Nimewinda misimu 11. Bunduki, upinde wa kapi, na mara mbili gobore la kuazima. Ninachokiona ni kwamba watu wanapima ugumu kwa silaha, wakati silaha inakuambia tu usogee mpaka wapi. Bunduki yenye darubini, yadi 150 ni kawaida kwa aliyefanya mazoezi. Upinde wa kapi, mimi binafsi sivuki 30. Upinde wa mti, wenye akili wanaishia 15 au 20. Sawa. Lakini ukiwa umekaa juu ya dungu, futi 18 kutoka ardhini, umefungwa mkanda kwenye shina la mti, zile yadi zote hukuzitembea wewe. Alizitembea kulungu. Kazi yako ilikuwa kuchagua mti na kunyamaza.

Sasa shuka chini uingie msituni kwa miguu. Majani ya mwaloni yamekauka, kila hatua ni kama mtu anatafuna bisi msibani. Unapiga hatua moja, mbili, unasimama dakika tano, unatazama. Hutafuti mnyama mzima, humwoni. Unatafuta mstari mlalo kati ya miti iliyosimama wima, sikio linalotikisika, jicho. Saa nzima umekwenda mita 200. Na pamoja na hayo yote yeye kakusikia kabla hujamwona, au upepo umegeuka nyuma ya shingo yako na habari zako zimeshamfika.

Kuna jike mmoja alinifundisha adabu. Nilimfikia kama yadi 40, nyuma ya mti ulioanguka, bunduki bado iko chini. Akainua kichwa. Hakukimbia. Akapiga kwato la mbele chini, du. Akasubiri. Akapiga tena, du. Anataka nijitikise. Nilisimama kwa mguu mmoja mpaka paja likaanza kutetemeka. Mwishowe akapuliza pumzi kwa pua, sauti kama tairi la lori linalotolewa upepo, na msitu mzima ukajua mimi ni nani. Misimu minne ya kwanza ya kunyata nilirudi mikono mitupu.

Kwa hiyo naweka hivi: kunyata kwa miguu na bunduki ni kugumu kuliko kukaa dunguni na upinde wa kapi. Yule mzee wa upinde wa mti nampa heshima yake, ila naye anakaa dunguni. Nawasilisha, njooni mnipinge.

Kisu Butu

Nimewahi kiti cha mbele. Mkuu, swali dogo kabla wajuzi hawajaja: huko supamaketi wamefunga? Mtu mzima anasimama kwa mguu mmoja anatazamana na mbuzi wa porini?

Mama Pilau wa Houston

Kaka mleta uzi, umeandika vizuri lakini umeturuka sisi wa Texas, na najua kwa nini. Mnatucheka.

Huku karibu ardhi yote ni ya watu binafsi, kwa hiyo unakodi haki ya kuwinda kwenye shamba la mtu. Chambo ni halali kwenye mashamba hayo. Mume wangu ameweka pipa la mahindi lenye saa: likifika saa moja asubuhi linazunguka, linarusha mahindi kwa sekunde chache. Sisi tupo kwenye kibanda yadi 100 hivi, tumekaa kwenye viti, chupa ya chai ya tangawizi pembeni. Ndiyo, ni rahisi. Sitajifanya.

Lakini nikuambie kitu. Majike na watoto wao wanakuja kwenye mahindi kama wameitwa. Lile dume kubwa lenye shingo nene halikanyagi pale mchana. Linasimama ndani ya vichaka, linasubiri giza, au linapita pembeni kunusa majike bila kugusa punje. Mume wangu analijua dume moja kwa picha za kamera ya usiku miaka mitatu sasa. Hajaliona kwa macho.

Halafu mimi nikirudi na jike mmoja friza linajaa, watoto wanakula mpaka Machi. Nyama haina karatasi imeandikwa "huyu alipatikana kwa shida".

Fundi Gobore

Mwenzenu naingia na mdeki mkononi, ile fimbo ya kushindilia baruti.

Mleta uzi umesema umeazima gobore mara mbili. La fataki au la gumegume? Maana hapo ndipo penye mpaka. Kwetu hukohuko Pennsylvania kuna msimu wa baada ya Krismasi, ulianza 1974, na lazima iwe gumegume, jiwe linapiga chuma, cheche zinaangukia baruti kwenye kisahani. Hakuna darubini.

Wasiowahi kuipiga wanadhani ni bunduki ya zamani tu. Fikiri hivi: bunduki ya kisasa ukivuta kifyatulio risasi imeshakwenda. Gumegume ukivuta, jiwe linaanguka, baruti ya kisahani inawaka puani kwako, moto unapita kitundu, NDIPO baruti ya ndani inalipuka. Muda huo wote, hata kama ni kufumba na kufumbua, unatakiwa uendelee kulenga na moto uko mbele ya jicho. Asilimia kubwa ya wanaokosa wanakosa kwa sababu wamepepesa. Na ukikosa, unaanza upya: baruti, kitambaa kilichopakwa mafuta, risasi, mdeki mpaka chini, baruti ya kisahani. Kulungu ameshafika kaunti ya pili.

Na hiyo ni kama imewaka. Mwaka juzi theluji laini ilikuwa inaanguka tangu alfajiri. Nimefunika kisahani kwa kipande cha ngozi kama wazee walivyofundisha. Dume dogo likaja yadi 35, likasimama ubavu. Nikavuta. Likasikika "tchk". Basi. Dume likanitazama. Nikapandisha jiwe tena, nikavuta. "Tchk." Likapiga hatua mbili kunisogelea ili lione vizuri huyu ni mtu wa aina gani. Unyevu ulishaigeuza baruti kuwa uji mweusi.

Halafu ni mwishoni mwa Desemba: wameshapigwa kelele tangu Oktoba, wanajua kila harufu ya binadamu. Hakuna wa kijinga aliyebaki. Mimi naliweka gumegume namba moja, na wala sipokei rufaa.

Nyota ya Inverness

Habari zenu wote, mimi niko Uskoti, milimani kaskazini. Nafanya kazi kwenye hoteli ya wawindaji, na msimu ukifika nabeba mizigo ya wageni mlimani, kwa hiyo nimeona mengi bila kupiga risasi nyingi.

Huku mjadala wenu wa upinde haupo, sheria ya Uingereza inakataza kabisa kuwinda kulungu kwa upinde. Bunduki tu. Na dungu utalifunga wapi? Mlima ni mtupu, nyasi na mboji iliyojaa maji. Kulungu mwekundu anakuona kilomita nzima. Kwa hiyo kazi inaanza kwa darubini: unalala kifudifudi, unahesabu kundi, unatafuta yule anayestahili kutolewa, mzee au dhaifu. Halafu unapanga njia ya kuzunguka ili upepo uwe usoni kwako. Kwenye mabonde yetu upepo unafanya utundu, unagonga ukuta wa mlima unarudi. Nimewahi kutembea saa nne na mgeni, mita 300 za mwisho tunatambaa ndani ya kijito, maji yanaingia kwenye kola na kutokea kwenye buti, na tulipoinua kichwa kundi zima halipo. Jike mmoja mzee alikuwa amelala pembeni peke yake, hatukumhesabu.

Ila jambo moja mleta uzi. Mgeni anayepiga risasi ndiye anayepigwa picha, lakini aliyewinda ni yule kiongozi wa mlima. Ndiye aliyesoma upepo, ndiye aliyemfikisha yadi 150, ndiye aliyemnong'oneza "subiri, ageuke kwanza". Mgeni kavuta kidole tu. Ugumu wa nani tunaupima?

Mzee wa Majani Makavu

@Nyota ya Inverness hapo umenibana. Nitalifikiria.

@Fundi Gobore langu lilikuwa la gumegume, liliwaka mara moja kati ya tatu. Rufaa naikata hata kama hupokei: ugumu wa kifaa kugoma na ugumu wa kumfikia mnyama ni vitu viwili. Ukipanda basi bovu hujawa dereva hodari.

@Mama Pilau sikucheki dada. Kwetu Pennsylvania mahindi ya chambo ni kosa sehemu kubwa ya jimbo, kwa hiyo hatujazoea tu. Hilo dume la kamera za usiku ungeanzishia uzi wake.

@Kisu Butu supamaketi iko wazi. Na nyama ya kulungu wa porini huipati humo, kuiuza ni marufuku.

Fundi Gobore

Basi bovu ukilifikisha Arusha wewe ni dereva hodari kuliko wa basi zima. Endelea.

Msoma Makabrasha

Nichangie historia kidogo, maana mnaongelea upinde kama ulizaliwa juzi.

1911, mji wa Oroville, California, alijitokeza mtu wa mwisho wa kabila la Wayahi. Waliompokea walimwita Ishi, neno la lugha yake lenye maana ya "mtu", kwa sababu jina lake halisi hakulitamka. Aliishi kwenye jumba la makumbusho San Francisco mpaka alipofariki 1916. Daktari wake, Saxton Pope, akawa rafiki na mwanafunzi wake wa upinde. Anasimulia kwamba Ishi kabla ya kwenda kuwinda kulungu hakula samaki wala kuvuta tumbaku, na alfajiri alioga mtoni. Mnaona? Kabla ya kugusa mshale ameshashughulikia pua ya mnyama.

Pope na mwenzake Arthur Young ndio hao ambao jina lao limebaki kwenye klabu ya wawindaji wa upinde ya Pope and Young, iliyoanzishwa 1961. Na 1925 walikuja kwetu Tanganyika kujaribu mishale yao kwa simba. Simba walipatikana, lakini bunduki za wenzao zilikuwa zimesimama nyuma yao.

Upinde wa kapi ni wa juzi kabisa: hati yake ya uvumbuzi alipewa Holless Allen wa Missouri, 1969. Makapi yanabeba uzito ukishavuta mpaka mwisho, kwa hiyo upinde wa ratili 60 unaushikilia kwa ratili 15 hivi. Mzee wa upinde wa mti akivuta ratili 50, anashikilia ratili 50 mpaka aachie. Huo ndio ugomvi wa kwenu kazini, na krosibou imeukuta njiani tu.

Chifu wa Mangola

Nawasoma nikiwa huku Karatu, nacheka peke yangu.

Njooni Eyasi mtembee na Mhadzabe siku moja. Anaondoka kambini na upinde aliouchonga mwenyewe, upote wa mshipa wa mnyama, mishale ya aina tatu nne: ya ndege, ya chembe cha chuma, na ya sumu iliyofungwa ngozi ili isimguse mwenyewe. Sumu mojawapo inatoka kwenye ule mti wenye maua ya waridi unaouona jangwani, utomvu wake wanauchemsha mpaka unakuwa kama lami. Akimchoma swala pala kwa mshale huo hamkimbizi. Anaangalia alikoelekea, anarudi kambini kuita wenzake, kisha wanafuata nyayo.

Mimi sina shida na bunduki zenu. Ila nilipotembea nao, nilichoshangaa hakikuwa kurusha mshale. Nilichoshangaa ni pale kijana wa miaka kama 15 alipoinama kwenye mawe, mimi sioni kitu, akasema huyu alipita jana jioni, anachechemea mguu wa nyuma kushoto. Tukaenda tukamkuta. Anachechemea.

Kiangazi wanajificha usiku kwenye maji, hapo ni sawasawa na dungu lenu. Kwa hiyo hata wao kukaa na kusubiri hawakuona aibu.

Mwana wa Pwani

Assalaam aleikum wadau. Mimi mtu wa Malindi, sasa niko Minnesota. Sisi Kenya kuwinda kulipigwa marufuku 1977, kwa hiyo hivi vitu nimevijulia ukubwani huku. Nyanya yangu alikuwa akituhadithia Waliangulu waliowinda ndovu kwa mata, yaani pinde, makubwa na mishale ya sumu, mata ambayo mtu wa kawaida hawezi kuyavuta hata nusu. Ratili 100 na zaidi. Kwa hivyo mkisema ratili 50 mimi nanyamaza tu.

Huyo wa Uskoti amenikumbusha mambo ya dau. Baba alikuwa akiuliza kitu cha kwanza, "joshini ni wapi?" Kumbe hata msituni ukikaa joshini mwa mnyama, upepo unakotoka, umeshajitangaza; kaa demani, upepo unakokwenda, ndio akili.

Swali langu ni jengine. Nimealikwa na mwenzangu wa kazi kwenda kuwinda kwa upinde. Nyama yake nitaila vipi? Hatumchinji.

Ustadh Msafiri

Wa aleikum salaam. Suala hili liliulizwa zamani. Adi bin Hatim, radhi za Allah ziwe juu yake, alimuuliza Mtume (SAW) kuhusu uwindaji, na hadithi yake iko kwa Bukhari. Ukitaja jina la Allah unapoachia mshale, ukampata, basi ni halali hata ukimkuta amekwishakufa. Ukimkuta yu hai, mchinje. Ikiwa mshale umempiga kwa ncha ukachoma, kula. Ikiwa umempiga kwa ubavu akafa kwa kipigo, usile. Ukimkuta ameanguka majini, usile, kwa kuwa hujui kilichomuua ni maji au mshale wako. Na akipotea siku nzima kisha ukamkuta hana alama nyingine ila ya mshale wako, unaweza kula.

Kuhusu risasi, wanazuoni wengi wa zama hizi wanaihesabu kuwa inachoma, wanaruhusu. Basi Bismillah iwe mdomoni kabla kidole hakijasogea.

Mjeuri Mstaarabu

Samahani nivuruge sherehe. Mnashindana ugumu, sawa. Ugumu huo analipa nani? Ukifanya silaha iwe dhaifu ili ujisikie shujaa, mnyama ndiye anayekwenda kufa siku mbili kichakani na mshale tumboni. Kama kweli mnataka ugumu, nendeni na jiwe. Mama Pilau kwenye kiti chake cha yadi 100, na chai yake, ndiye muungwana kuliko nyote humu.

Mama Pilau wa Houston

Asante mwanangu 😂 kuna aliyeona.

Mzee wa Majani Makavu

@Mjeuri Mstaarabu sitakujibu kwa ukali, kwa sababu unachokisema nimekifanya.

Ilikuwa wiki ya kwanza ya Novemba, madume yameanza kuwafukuza majike. Niko dunguni na upinde wa kapi, mkanda umefungwa. Kama saa kumi na nusu jioni likaja dume la pembe nane, linatembea na pua chini. Yadi 28. Nilishapima ule mti kwa kipimio, najua ni 28. Nikamtolea mlio wa mdomo asimame. Akasimama ubavu kabisa, masikio yamenielekea. Hapo ndipo ningejizuia. Mnyama aliyetulia anakula ni kitu kimoja, mnyama aliyesimamishwa kwa sauti amejaa kama upote.

Mshale wangu unakwenda kama futi 280 kwa sekunde. Sauti inakwenda futi 1,100. Kwa umbali ule sauti ya upinde ilimfikia mshale bado haujafika hata theluthi ya njia. Kulungu akishtuka haanzi kwa kuruka juu, anabonyea kwanza ili apate nguvu ya kuruka. Huyu alibonyea na kugeuka kwa pamoja. Mshale uliotoka unaelekea mapafu ukaingia nyuma ya mbavu.

Nilishuka nikaukuta mshale umechomekwa ardhini upande wa pili. Ukiwa wa mapafu unautoa una damu nyekundu ya kung'aa yenye povu, unasubiri nusu saa unamfuata, mara nyingi hajafika yadi 100. Ukiwa wa ini damu ni nyekundu iliyokolea, unasubiri saa nne na zaidi. Wangu ulikuwa na ute wa kijani na vipande vya majani yaliyotafunwa. Niliunusa. Harufu ya tumbo. Kila aliyenifundisha alisema huyo unamwacha mpaka asubuhi, analala karibu, usimwinue.

Nilisubiri saa mbili. Simu ilisema mvua inakuja saa sita usiku na nikaogopa itafuta damu. Nikaingia na tochi. Matone sita, saba, moja juu ya jani, kisha hakuna. Nikasikia vijiti vinavunjika mbele yangu kwenye giza. Akainuka. Ningekaa nyumbani angefia palepale.

Tulimtafuta siku mbili na jirani yangu. Siku ya tatu kunguru ndio walionionyesha, ng'ambo ya kijito, na koyote, mbwa mwitu wadogo wa huku, walikuwa wameshamaliza. Zilibaki mbavu na lile fuvu. Pembe sikuzichukua. Mwaka mzima uliofuata upinde ulikaa ukutani.

Kwa hiyo ukiniuliza tena ni nini kigumu, sitataja silaha wala miguu. Nilikuwa na sekunde tatu za kuamua kutoachia, na kidole changu hakikujua kukataa.

Nyota ya Inverness

Pole sana kaka. Yule mzee anayeongoza wageni wetu anasema siku aliyojivunia zaidi ni aliyomnyang'anya mgeni bunduki mkononi. Mgeni alikuwa amelipa hela nyingi.

Bega Moja

Mimi ndiye mtu wa krosibou mnayemsema, si yule kijana wa kazini lakini ni jamaa zake. Bega langu la kulia lilivunjika ghalani, upinde siwezi kuvuta. Pennsylvania wanaturuhusu krosibou msimu wa upinde tangu 2009. Wanasema ni bunduki iliyovaa manyoya. Jamani, ina kitako, ina darubini, kweli. Lakini mshale wake unazama kama mshale mwingine wowote, yadi 40 ndiyo mwisho wangu, na ukishapiga moja unahitaji kamba na mguu ili kuipandisha tena. Anabonyea vilevile kama alivyombonyea mleta uzi, maana inalia kuliko upinde. Ila siwezi kudai nilisota miaka. Wiki moja ya mazoezi nilikuwa napiga kikombe. Hapo yule mzee ana haki.

Jirani wa Mto James

Hamjataja mbwa. Huku Virginia, mashariki ya milima ya Blue Ridge, kufukuza kulungu kwa mbwa ni halali, na ni mila ya zamani. Wazee weusi wa hapa kijijini wananiita kila mwaka. Unasimama kwenye njia na marisau, unasikia mbwa kwa mbali, sauti inakua, moyo unapanda, halafu kulungu anapita kama umeme yadi 25. Ni sekunde moja. Nimekosa mara nne. Lakini ufundi ni wa mwenye mbwa: anaijua sauti ya kila mbwa, anakuambia "huyo Bella ni mwongo, msisogee, subirini Duke aongee". Texas walipiga marufuku 1990, na majirani zetu wengi wanatamani na huku iwe hivyo, mbwa hawasomi vibao vya mipaka.

Mwana wa Pwani

Shukran Ustadh. Sasa mleta uzi, niambie kweli. Huyo mwenzangu anataka nianze na upinde. Niende?

Mzee wa Majani Makavu

Ndugu yangu, kaa kwenye darasa la usalama kwanza, huku bila cheti hicho anayeanza hapewi leseni ya kawaida. Mwaka wa kwanza chukua bunduki, kaa chini au kwenye kibanda, tafuta jike, karibu. Jifunze kupasua na kutoa matumbo bila kutoboa kibofu. Nenda na huyo mwenzako msimu wa upinde kama mtazamaji, ukae kwenye mti wa pili, uone ni mara ngapi anavuta na kurudisha bila kuachia. Asiporudisha hata mara moja, tafuta mwalimu mwingine. Na ukipanda mti, mkanda uufunge ukiwa bado miguu iko chini. Wanaoanguka ni wengi kuliko wanaopigwa risasi.

Kisu Butu

Mimi nimesoma uzi wote na bado sijapata nyama. Mama Pilau, inapikwaje hiyo kitu bila kunuka?

Mama Pilau wa Houston

Haina mafuta ndani, kwa hiyo usiichemshe kama ya ng'ombe mpaka iwe kamba. Yale mafuta meupe ya juu yatoe yote, ndiyo yanayoganda mdomoni. Ilaze usiku kucha kwenye maziwa ya mgando, tangawizi, kitunguu saumu na ndimu kidogo. Kesho kaanga vitunguu mpaka viwe rangi ya kahawa, bizari nzima, iliki, nyama ya paja iliyokatwa vipande vikubwa, moto mdogo. Ongeza kijiko cha samli kuliko ulivyozoea. Mchele unajua mwenyewe.

Fundi Gobore

Mleta uzi, kesho uko dunguni? Nipo upande wa pili wa bonde, tusije tukapigana.

Mzee wa Majani Makavu

Hapana. Mvua imenyesha tangu saa kumi na mbili na sasa inatulia, majani yatakuwa yamelowa, hayatalia. Upepo kaskazini-magharibi. Nitaanzia kwenye kijito nipande polepole kuelekea kwako, vesti ya rangi ya chungwa na kofia, kwa hiyo chini ya ile miti ya misonobari usipige kitu mpaka saa nne asubuhi. Saa imetegwa kumi alfajiri. Zima simu ulale.